Jiko la Mbwilo Liliponyamaza

"Jiko likinyamaza, kashike mkia."

Shangazi Sekela aliyasema hayo akimenya kiazi, wala hakuinua macho. Vijana waliokuwa wakimsaidia kumenya viazi vya harusi wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Lutengano, na ndiye aliyeambiwa. Alikuwa ametoka kujisifu kwamba mke wake siku hizi ametulia kabisa: hagombi, haulizi kitu, nyumba kimya.

"Shangazi, tangu lini jiko likawa na mkia?"

"Menya viazi, mwanangu. Methali hii ilianza hivi."

Huko Matamba, chini ya uwanda wa Kitulo, mwezi wa saba baridi huwa kali hata umande ukaganda juu ya majani, na ukikanyaga nyasi asubuhi unazisikia zikivunjika. Huko aliishi fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake Mbwilo. Mkewe Subilaga alipokaribia kujifungua, Mbwilo alimjengea jiko la maji moto ndani ya chumba cha kuogea. Lilikuwa pipa la chuma lililolazwa juu ya meko ya matofali, chini lina bomba la kuchotea, juu lina kifuniko cha kukaza. Ubavuni akaunga bomba jembamba lililopita ukutani hadi nje, ili mvuke na maji yaliyozidi vipate pa kutokea. Bomba hilo ndilo wenye nyumba waliloliita mkia.

Basi mkia ule ulikuwa na kelele. Moto ukiwaka tu, maji yanadondokea bati kuukuu nje: to, to, to. Majirani wakamtania Mbwilo, "Fundi, jiko lako lina mafua!" Naye akaona haya, akaapa kwamba ipo siku atalinyamazisha.

Subilaga akajifungua salama mtoto wa kiume. Anyisile, dada yake Mbwilo, akaja kumuuguza wifi yake na kumkanda kwa maji moto kila asubuhi. Kwa desturi ya nyumba ile, moto wa mzazi hauzimwi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Usiku waliufunika majivu, kukicha wakauamsha. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa bibi yao, Bibi Sikujua, aliyeshinda kando ya meko akiota moto.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa baridi kuliko zote, Anyisile aliuamsha moto, akatia kuni, na mara moyo wake ukakataa kutulia. Hakujua kwa nini. Akatazama kuni: kavu. Akapapasa viungo vya bomba: havivuji. Akajaribu kifuniko: kimekaza. Akatoka, akarudi. Akaifuata sabuni, akarudi bila sabuni.

"Wewe, una siafu ndani ya kanga?" Bibi akamuuliza.

"Sijui, Bibi. Naona kama kuna kitu hakipo."

"Hakipo nini? Leo hata jiko limepona mafua. Mwite mzazi wako."

Subilaga akaingia amempakata mtoto, akaketi kwenye kigoda. Anyisile akachukua kata, akainama bombani. Hapo chuma kikalia, ko! kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya pipa. Anyisile akautazama ubavu wa pipa, akauona umevimba. Limepona mafua! Kata ikamwanguka mkononi. Akakimbia nje, akaushika mkia. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mdomoni umeziba kwa barafu.

"Wifi, toka! Toka na mtoto!"

Mbwilo akaja mbio, shati mkononi. Alipoliona pipa akadaka ndoo ya maji baridi auzime moto. Bibi Sikujua akasimama mbele ya meko, mikono kiunoni.

"Moto wa mzazi hauzimwi! Mnamtakia nini mtoto huyu?"

"Bibi, litapasuka!"

"Na lipasuke. Mimi sitoki hapa."

Pipa likalia tena, ko! Mbwilo akamwangalia dada yake. Anyisile akautazama moto, akautazama ukuta, akafikiri juu ya mkia ulioganda nje.

"Hatuuzimi, Bibi," akasema. "Tunauhamisha."

Akatwaa koleo, akachota makaa pamoja na vijinga, akaukimbiza moto ule nje na kuumwaga chini ya mkia. Akarudi, akachota tena. Bibi akaokota kijinga kimoja kilichoanguka, akaufuata moto wake kama anayefuata ng'ombe waliotoka zizini.

Wote wakajibanza nyuma ya ghala la viazi. Subilaga alimkumbatia mtoto kwa nguvu hata mtoto akalia. Mbwilo akataka kwenda kuchungulia, wakamvuta. Kimya. Bado kimya.

Mara, paa! Donge la barafu likachomoka mkiani, likampitia jogoo juu ya kilemba, naye akaruka hadi kwa jirani. Mvuke ukafuata ukipiga mluzi. Ulipokwisha, wakasikia: to, to, to.

Mbwilo akaketi chini kwenye barafu.

"Mafua yamerudi," Bibi Sikujua akasema, huku akisogeza vijinga vyake visizimike. "Ole wako ukiyatibu."

Hakuyatibu. Siku zote za baridi, kabla mtu hajaongeza kuni, Mbwilo alizunguka kwanza nyuma ya nyumba akaushika mkia. Kitovu kikadondoka, moto ukazimwa kwa heshima zake, lakini neno likabaki. Matamba nzima, mtoto mtundu akitulia ghafla, au mgomvi akiacha ugomvi bila kupatanishwa, watu huambiana neno hilo hilo.

Shangazi Sekela akatupa kiazi ndani ya ndoo. Hakuna aliyecheka. Lutengano alikuwa amekwishaweka kisu chini.

"Shangazi, nikifika nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Muulize, kisha unyamaze wewe."

Lutengano akaondoka, kiazi chake kimemenywa upande mmoja. Shangazi akakiokota, akakimalizia, akawaambia waliobaki kwa sauti ya chini:

"Jiko likinyamaza, kashike mkia."