Matenga Manne na Matenga Matatu

"Sita na nane hukutana ishirini na nne." Jana mlimsikia baba yenu mdogo akiwaambia maneno hayo wale ndugu wawili waliogombana, na mkaona jinsi watu wazima walivyonyamaza. Leo mwenzenu Kissa ameniuliza methali hiyo ilitoka wapi. Endeleeni kupukuchua maharage, nami nitawaeleza. Haikutoka mbali. Ilianzia katika nyumba yetu, kwa mama zangu wawili.

Mama aliyenizaa aliitwa Atupele. Aliyenilea ni dada yake, Subilaga, mama yangu mkubwa. Walizaliwa hapa Ukisi, chini ya milima, kando ya Ziwa Nyasa, na kama wanawake wengi wa huku walikuwa wafinyanzi. Mama yao alipofariki waligawana kazi. Subilaga alifinyanga vyungu, Atupele akafinyanga vifuniko. Kila mmoja alikuwa na mkono wake. Chungu cha Subilaga kilikuwa chepesi na hakikupasuka motoni. Kifuniko cha Atupele kilikaa juu ya chungu kimya, hakikucheza.

Vyombo hivyo walivibeba kichwani katika matenga ya mianzi mpaka sokoni, mwendo wa asubuhi nzima kwa njia ya mawe. Matenga hayo aliyasuka mama yao, yote kwa kipimo kimoja. Tenga moja liliingia vyungu sita. Ukilazimisha cha saba, kinavunjika. Vifuniko vilisimamishwa kwa ubavu, na tenga moja likajaa kwa vinane. Ukipanga pungufu ya vinane, hata ukishindilia nyasi kavu, vinagongana njiani na kufika vimemeguka. Kwa hiyo tenga lilikwenda limejaa, au halikwenda.

Sasa mnaona shida ilipokuwa. Mchuuzi aliyekuja sokoni kutoka Tukuyu alichukua chungu pamoja na kifuniko chake. Kimoja bila mwenzake hakukitaka. Wakienda na tenga moja moja, vyungu ni sita na vifuniko ni vinane: vifuniko viwili vinabaki. Wakienda na mawili mawili, majirani wakiwasaidia kubeba, vinabaki vinne. Siku Subilaga alipojitahidi akapeleka matenga matatu ya vyungu kwa mawili ya vifuniko, vilibaki vyungu viwili. Na kilichobaki hakikurudi kizima, kwa sababu kilirudi katika tenga lisilojaa.

Mwanzoni walicheka. Baadaye kila mmoja akaanza kutazama vigae vya kazi yake na kumfikiria mwenzake vibaya. Atupele alimwomba dada yake apunguze ukubwa wa vyungu ili tenga liingie vinane. Subilaga alijibu kwamba wanunuzi walivitaka vile vile vilivyo. Afadhali mdogo wake asuke matenga madogo ya vifuniko sita. Atupele akasema hatayaacha matenga ya mama.

Siku moja wakiwa njiani kurudi, vifuniko vinne vilipasuka vyote. Subilaga akasema neno ambalo alilijutia mpaka uzeeni.

"Unafinyanga vingi makusudi, ili watu waone mvivu ni mimi."

Mama yangu aliteremsha tenga, akamwaga vigae kando ya njia, akatangulia. Mwezi ule ule yeye na baba yangu, Lusajo, walihamia upande wa pili wa kilima.

Miaka mitatu hawakusemezana. Subilaga alijaribu kufinyanga vifuniko mwenyewe, lakini havikukaa, na mchuuzi akavikataa. Atupele alipika kwa vyungu vibovu alivyovifinyanga yeye. Kila mmoja alikosa mkono wa mwenzake na hakuna aliyetaka kulisema hilo.

Wakati huo kisomo cha watu wazima kilifika kwetu. Mama yangu alijiandikisha, akawa anakwenda nami mgongoni baada ya kazi za shamba. Aliyefundisha ni Mwalimu Anangisye. Siku alipofundisha vigawe, aliandika ubaoni sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Chini yake akaandika nane, kumi na sita, ishirini na nne. Akauliza nani anaona namba iliyo katika mistari yote miwili. Mwalimu alinisimulia baadaye kwamba mama yangu alisimama, akaenda mpaka ubaoni, akaweka kidole kwenye ishirini na nne, na machozi yakamtoka mbele ya darasa. Alipoulizwa ana nini, alisema, "Mwalimu, tungengoja tu."

Alikuwa ameona kwamba matenga manne ya vyungu na matenga matatu ya vifuniko ni sawa kabisa. Hakuna aliyekuwa mvivu, na hakuna aliyezidisha makusudi. Walikuwa wakiondoka nyumbani kabla hesabu zao hazijakutana.

Alimtuma mke wa mchungaji wa kanisa letu kwa dada yake. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mwambie dada asiende soko hili. Angoje afikishe matenga manne. Mimi nafikisha matatu. Hapo hakuna kitakachobaki."

Subilaga aliusikia ujumbe ule akiwa na udongo mikononi. Alikuwa na matenga matatu tayari, na chuki yake ilikuwa bado mbichi. Alidhani mdogo wake amepata elimu na sasa anampangia kazi.

"Mwambie sihesabiwi vyungu na mtu aliyenihama," akasema.

Siku ya soko aliondoka na majirani wawili wa kumsaidia kubeba matenga yake matatu, akitumaini kuviuza vyungu bila vifuniko. Mama yangu hakuwa amepata jibu lile. Mke wa mchungaji aliona aibu kulifikisha. Kwa hiyo mama alingoja. Alimaliza vifuniko vyake, akavichoma, akafunga matenga matatu. Kila asubuhi aliketi kwenye njia panda ambako dada yake angepitia akija. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, naye akakaa pale akinyeshewa, siku nne. Siku ya tano homa ilimlaza. Baba alikwenda kutafuta watu wa kumbeba mpaka zahanati, lakini mto ulikuwa umefurika na haukuvukika. Akafariki siku ya nane.

Subilaga alikuja msibani akiwa ameshikwa na watu huku na huku. Hakulia kwa sauti. Baada ya maziko alimwona baba yangu ameketi karibu na matenga matatu yaliyofungwa vizuri kwa kamba mpya. Akamuuliza, "Shemeji, vifuniko vyote hivi ni vya nini, nami nilikwisha kukataa?"

Mwalimu Anangisye ndiye aliyesogea. Alifungua matenga, akavipanga vifuniko uani, mistari mitatu, kila mstari vinane. Akasema, "Hivi ndivyo alivyovifunga." Kisha akavikusanya vile vile akavipanga upya, sita kwa sita. Ikawa mistari minne. Hakikubaki hata kimoja mkononi mwake.

"Kila mstari huu ni tenga lako moja, mama," akamwambia. "Jibu lako halikumfikia. Alikuwa anakungoja hapa."

Subilaga aliinama, akaugusa mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mkono ulipofika kwenye mstari wa nne aliuacha hewani.

"Mimi niliondoka na kumi na nane," akasema. "Lilikuwa limebaki tenga moja."

Hapo ndipo alipolia.

Hakurudi kwake. Alikaa pale pale kwetu, akaomba aletewe udongo. Vyungu alivyokuwa amepeleka sokoni vilirudi bila mnunuzi, na vingi vilivunjika wabebaji walipoteleza mvuani, akaviacha. Alianza upya. Nilikuwa na miaka minne, na ninachokumbuka ni mgongo wake tu, umeinama kutwa. Alipochoma vyungu ishirini na vinne, siku ya kuondoa matanga ilikuwa imefika. Alivipanga uani mbele ya watu, akachukua vifuniko vya mdogo wake, akafunika kimoja baada ya kingine. Vyote vilikaa. Kwa miaka mitatu mama yangu hakuwa ameshika chungu cha dada yake, lakini mkono wake haukuwa umesahau kipimo cha mdomo wa chungu kile.

Hakupeleka hata kimoja sokoni. Aliwagawia wanawake waliopika na kuchota maji msibani, kila mmoja chungu na kifuniko. Mmoja wao alimshauri abakize kimoja cha kumkumbuka Atupele. Mama mkubwa akakataa. Akasema, "Alitaka kisibaki kitu."

Wale wanawake walipouliza maana yake, aliwaambia yale maneno ya sita na nane. Wakayachukua pamoja na vyungu, yakasambaa mwambao wote. Mume na mke wasiposikilizana, watu waliwaambia. Ndugu wakitaka kugawana nyumba kwa hasira, waliwaambia. Wengi leo hawajui kwamba sita ilikuwa vyungu na nane ilikuwa vifuniko.

Mama mkubwa alinilea mpaka nikaolewa. Nilipokuwa msichana na nikikasirika haraka na rafiki zangu, hakunipiga wala hakunikemea. Aliniuliza tu nimefika ngapi. Nikisema sijui, aliniambia rudi ukangoje, mwenzako naye yuko njiani kwa hesabu yake. Watu wasiofanana hukutana, wajukuu zangu. Lakini haiwi siku ya kwanza, na anayeondoka kwenye kumi na nane hatajua alikuwa amekaribia kiasi gani mpaka amwone mwenzake amelala.

Ndiyo maana watu walinyamaza jana. Sita na nane hukutana ishirini na nne.