Ukoko wa Mpishi wa Harusi

Sogeeni jamaa, walio nje wapate kivuli. Nina kisa cha mpishi mmoja, na mtu asimtazame jirani yake ninapokisimulia.

Mpishi huyu alikuwa bingwa wa pilau za harusi. Zamani, kila shughuli ikiisha, alikwangua ukoko wa sufuria, akaufunga kwenye jani la mgomba, akampelekea binti yake mdogo. Walikuwa wakikaa kizingitini wakiutafuna, baba na mwana, na kazi yake akiipenda ajabu. Kisha shughuli zikamwandama. Akawa anatoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Ukoko akawamwagia kuku wa watu. Pilau yake ikazidi kusifiwa, lakini mwenyewe akiionja hasikii ladha. Akalaumu bizari, akalaumu mchele. Jamani, mchele una kosa gani?

Alasiri moja, amepalia makaa juu ya mfuniko, moshi ukamlegeza na usingizi ukamchukua taratibu. Akajiona yumo katika harusi kubwa, mikeka imetandikwa hadi upeo wa macho, udi unanukia, watu wanacheka bila sauti. Bibi harusi akapita kama anaelea. Ni binti yake! Bwana harusi akauliza, "Yule mzee anayetutazama ni nani?"

Binti akamtazama kidogo, bila ubaya wowote. "Yule? Ni mpishi."

Akazinduka moyo unamuuma. Akapakua pilau, vyombo akamwachia mwenzake, akakwangua ukoko na kushika njia ya nyumbani. Njiani akajifariji kwamba ile ni ndoto tu, mwanawe bado mdogo na anamjua vizuri.

Akabisha hodi. Binti akafungua, akamwona, akakimbilia ndani analia.

"Mama, baba amerudi na jua bado lipo. Nani amekufa?"

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alimbembeleza mtoto mpaka akanyamaza, wakakaa kizingitini na ukoko wao. Mtoto akalamba vidole, akasema mtamu. Mpishi naye akatia kipande mdomoni, na bizari akaisikia.

Na sisi je? Tunalalamika kazi imekuwa chungu, tunamsema bosi, tunausema mshahara. Riziki ya halali tuitafute, tena kwa jasho. Lakini tunamtafutia nani, ikiwa tukionekana mlangoni mchana watu wanadhani kuna msiba?

Leo wahini nyumbani. Na mtoto akikuuliza nani amekufa, usimkaripie. Mpakate, umwambie, "Hakuna, mwanangu. Nimewahi."