Kila Nyumba na Mvule Wake

Sogeeni karibu, na anayesinzia akae mbele nimwone. Mmeuliza kwa nini hapa Kwekivumo kila nyumba ina mvule mmoja, wala si miwili, na kwa nini mtoto wa mlima huu hamtupii popo jiwe. Basi sikilizeni habari za Mwavita.

Zamani hizo mivule ya mlima huu haikuwa ya nyumba yoyote. Ilisimama yote pamoja upande wa mawio, juu ya chemchemi, mashina yamebanana hata mtu aliyepita humo adhuhuri alidhani jua limekuchwa. Ilikuwa mali ya zumbe, yaani mkuu wa nchi. Ukitaka mbao za mlango, kinu, au gogo la ngoma kubwa, ulikwenda kupiga magoti kwake. Akipenda atakupa, asipopenda utarudi na shoka lako begani. Na mche wa mvule ukichipua popote, hata kizingitini mwako, sheria ilitaka ung'olewe upelekwe kwenye ua wa zumbe, ukalelewe pamoja na wenzake.

Ikaingia miaka ambayo miche haikukua tena. Majani machanga yalijikunja, yakafanya vinundu kama vya ndui, vinundu vikapasuka na kutoa utomvu, kisha ncha ya mche ikaoza. Walipanda mia, ikafa mia. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Huku nyuma mivule mikubwa ilikuwa ikikatwa mmoja baada ya mwingine na hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Chemchemi, ambayo zamani ilijaza mtungi kabla wanawake hawajamaliza kujuliana hali, sasa ilisubiriwa kwa kata. Zumbe Semkiwa alikuwa mtu wa haki, ila shingo yake ilikuwa ngumu. Aliagiza ua uzungushiwe miiba mara ya pili, miche inyunyiziwe majivu, na popo wafukuzwe kwa mawe, maana walikuwa wakila matunda ya mivule na watu wakasema wao ndio wanaoleta mkosi. Popo wakafukuzwa, na miche ikazidi kufa.

Mwavita alikuwa mfinyanzi. Alizaliwa ng'ambo ya mto mwaka wa vita, na ndiyo maana akaitwa hivyo. Aliolewa hapa mlimani na Kihiyo, wakaishi vizuri miaka sita, ndui ikamchukua Kihiyo. Alibaki na mama mkwe wake, Bi Manjaa, kwenye nyumba ya mwisho kabisa upande wa chini. Shamba lake lilichekwa na watu, kwa kuwa alichanganya kila kitu: migomba, mbaazi, mihogo, maboga, mtama kidogo pembeni. Walisema ni kama mkoba wa mganga, ukitia mkono hujui utatoka na nini. Mwavita hakujali. Njaa ilipopita kwa wenzake, kwake haikuwahi kuingia ndani.

Wale popo waliofukuzwa walihamia kwenye migomba yake. Walikula matunda huko juu wakaja kuangusha mbegu kwake, na chini ya mbaazi ukachipua mche wa mvule. Mhando, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa ua wa zumbe. Akaja akauchukua. Mwavita alipokwenda kuutazama baada ya mwezi, ulikuwa kijiti. Mwaka wa pili ukachipua mwingine, Mhando akauchukua, ukafa. Safari hiyo Mwavita alichuchumaa pale uani, akageuza jani moja baada ya jingine. Chini ya majani akaona vijidudu vidogo kama punje za ulezi. Alipogusa tawi, viliruka vikatua kwenye mche wa jirani.

Mwaka wa tatu ukaota tena, ukafika magotini, majani safi, mabichi, hayana hata kovu. Asubuhi moja Mhando akaja na jembe.

"Shemeji, nimekuja kuchukua mche wa zumbe," alisema.

Mwavita alikuwa na udongo mikononi. Aliinuka, akasimama kati ya jembe na mche. "Wa kwanza nilikupa, wa pili nilikupa. Umeiweka wapi?"

"Imekufa. Kufa si kazi yangu."

"Basi huu hauendi kufa."

Bi Manjaa alipiga kelele kutoka barazani. "Mwavita! Unataka watu waseme mke wa mwanangu ameasi? Mpe mwenzio mti wake!" Lakini Mwavita hakusogea, na Mhando hakuweza kumsukuma mjane wa kaka yake. Akaenda kushtaki.

Siku ya baraza watu walijaa. Zumbe Semkiwa alimtazama yule mfinyanzi na kumuuliza kwa upole, "Mama, sheria huijui?"

"Naijua, Zumbe. Lakini naomba kuuliza. Ndui ilipoingia hapa, mliamuru nini?"

"Niliamuru watu watawanyike. Kila nyumba ikajenge kibanda chake shambani, mtu asimtembelee mwenziwe."

"Mume wangu alichelewa kutoka, akafa. Sisi tuliotawanyika tukapona. Sasa miche ina ndui, Zumbe, nimeiona kwa macho yangu, inaruka kutoka jani hadi jani. Na ninyi mnaikusanya yote chumba kimoja mnafunga mlango."

Watu walinong'ona. Mzee mmoja akacheka, akasema huyu mwanamke wa ng'ambo anataka kugawa mali ya mkuu kama karanga za matanga. Zumbe hakucheka. Alitoa hukumu. Ule mche wa shambani kwake uachwe ulipo, na Mwavita apewe mingine saba iliyochipua mlimani mwaka huo, aiweke nyumba saba atakazochagua mwenyewe. Ua nao ubaki na miche saba, ilelewe kwa desturi ya zamani. Baada ya masika mawili itatazamwa. "Na ukishindwa," alisema, "utakuwa umeifanyia nchi mzaha. Utavuka mto urudi kwenu."

Mwavita aligeuka akatazama upande wa nyumba yake ya chini. Kurudi kwao ni kuliacha kaburi la Kihiyo, na tanuri lake, na shamba alilolilima kwa miaka tisa. Ndipo sauti ya kizee ikasikika nyuma ya watu. Ilikuwa ya Bi Manjaa, ameshikilia fimbo yake.

"Zumbe, akivuka, tutavuka wawili. Huyu ni mwanangu. Andaeni mtumbwi wenye nafasi mbili."

Hapo Mwavita ndipo alipolia, na hakujificha.

Alianza kazi. Miche aliibeba ndani ya vyungu vilivyopasuka, udongo wake wenyewe ukiwa umeizunguka mizizi. Alimpa mkunga, mhunzi, mzee aliyemcheka, na nyumba tatu nyingine, na wa saba akaupeleka kwa Mhando. Mhando alishangaa. "Unampa adui yako silaha?" Mwavita akamjibu, "Wewe si adui yangu. Wewe ni shemeji yangu mwenye jembe."

Kila nyumba aliifundisha yaleyale. Mche wakauweke chini ya mbaazi, jua lisiuchome ukiwa mchanga. Wakati wa kiangazi wasimwage ovyo maji waliyooshea vyombo, wayapeleke kwenye mche. Waufunge miiba kwa ajili ya mbuzi. Kila asubuhi wayageuze majani, na jani lililovimba walikate walitie motoni hapohapo. Ukizidi urefu wa mbaazi, basi wazikate mbaazi, mti uone mbingu.

Masika ya kwanza yalipita vizuri. Kisha mbuzi wa mhunzi alikata kamba akaula mche wote mpaka shina, ikabaki miche sita. Waliokuwa wakimwombea Mwavita wakaacha kusema sana, na waliokuwa wakimngoja aanguke wakaanza kusalimia kwa tabasamu.

Alfajiri moja mlango wake ukabishwa. Alikuwa Mhando, amelowa umande, hakutazama juu.

"Shemeji, umeshikwa," alisema.

Mwavita alijua anasema nini. Wakaenda mbiombio. Kwenye ncha ya mvule wa Mhando majani matatu yalikuwa yamejikunja, vinundu vimetunga. Mwavita alimtazama shemeji yake. Mtu huyu angeweza kunyamaza. Angekaa tu siku kumi, mche ungekufa, na ubishi ungekuwa umeelekea upande wake.

"Kwa nini umeniita?"

Mhando alilishika jani moja lililojikunja. "Kule uani nimezika miche mingi kuliko watu niliowazika," alisema. "Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya hata mmoja. Huu nimeukuta hivi jana jioni, chakula hakikupita. Watoto wanapimana nao urefu kila Ijumaa. Nifanye nini, shemeji?"

Wakakata majani yale wakayachoma. Mwavita akamuuliza anautazama saa ngapi. Mhando akasema jioni, akitoka kazini uani. Mwavita akapiga mikono. "Basi wewe mwenyewe ndiwe uliyembebea ugonjwa mwanao, nguoni mwako." Tangu hapo Mhando aliutazama mvule wake asubuhi kabla ya kwenda kokote, na jioni alikwenda kuoga mtoni kwanza, akabadili nguo, ndipo akaingia nyumbani. Wiki ya tatu ncha mpya ikatokeza, nyekundu kidogo, imenyooka. Mhando alikwenda kuwaita majirani waje waione.

Masika ya pili yakaisha. Zumbe Semkiwa alitoka na wazee wake, mguu kwa mguu. Kwanza walikwenda uani. Vijiti saba vilisimama ndani ya safu mbili za miiba, vikavu, vimepakwa majivu. Wakaenda kwa mkunga, mvule ukawa umepita kichwa cha mtu mzima. Wakaenda kwa mzee aliyecheka. Alikuwa ameketi kando ya mti wake na kanzu safi, kama baba wa bwana harusi. Nyumba baada ya nyumba, miti sita, mizima. Mwisho wakafika kwa Mhando. Hapo zumbe aliushika mti kwa mkono, akaona kovu pale majani yalipokatwa, akaulizia, akaambiwa kisa chote.

Akamgeukia Mwavita mbele ya watu. "Nilidhani mti wa heshima hulelewa na mwenye heshima," alisema. "Sheria ile nimeifuta. Miiba itolewe leo. Sasa nami naomba. Nyumba yangu haina mvule."

"Utapata, Zumbe. Mmoja, kama wengine."

Wazee walishtuka, lakini zumbe aliinamisha kichwa, akakubali. Mwavita alileta mche ndani ya chungu kilichovunjika mdomo. Mtumishi alitaka kuupokea, zumbe akamzuia. Akakunja kitambaa chake akafanya ngata, akajitwika chungu mwenyewe, akapanda nao mlima mzima, tope likimchuruzika shingoni. Bi Manjaa ndiye aliyeanza vigelegele, na kutoka nyumba ya chini mpaka ya juu wanawake wakavipokezana mpaka mkuu wa nchi alipofika mlangoni kwake.

Na tangu siku hiyo, hapa Kwekivumo hakuna mtu anayepanda mivule pamoja. Mtu akijenga nyumba, kabla hajaezeka, jirani humletea mche mmoja ulioota shambani kwake, ndani ya chungu kibovu, naye huupanda kati ya mbaazi na migomba. Mvule haukatwi mpaka mwenyewe aonyeshe mwingine aliomlelea jirani, uliokwisha kumpita kimo. Popo huachwa walale wanapopenda, maana wao ndio wanaopeleka mbegu mbali na mama yake. Na chemchemi mnaijua, mmeinywa asubuhi hii.

Watu wa bondeni wakitazama huku juu wanaona msitu. Mgeni akipanda na kuuliza msitu huu ni wa nani, hata mtoto wa miaka mitano humshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba yao, akaweka kiganja juu ya shina moja na kusema, "Huu wetu."