Kizibo cha Bwana Ndahani

Asiyeonja chake, asimnyweshe mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyosema pale jikoni, Nuhu alipotaka juisi iliyochacha wapelekewe wageni walioketi mabenchi ya nyuma, ati wao watakunywa chochote. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Wekeni chini majagi hayo mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ugogo palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzogole. Ardhi yake nyekundu, mvua yake ya kubahatisha, lakini zabibu zilikubali, na kila nyumba ilikuwa na shamba lake. Watu walipalilia, wakapogoa, wakafukuza ndege mpaka sauti zikawakauka. Zikiiva walijaza makreti wakayapeleka kwa Bwana Ndahani, aliyekuwa na kiwanda kidogo cha mvinyo nyuma ya nyumba yake. Zabibu ziliingia kule mchana kweupe watu wakiziona. Zilitoka zimo ndani ya chupa zenye lebo, na hapo wenyewe walikuwa hawazijui tena. Wengi wa wakulima wale walizeeka bila kuonja mvinyo mzuri hata mara moja. Mimi nikifika hapa huwa nimeshaanza kukasirika, lakini ngojeni.

Mmoja wa wakulima hao alikuwa mjane aitwaye Damari, ambaye watu walimwita Mama Eda kwa jina la bintiye. Pombe ya mtama aliipika vizuri kuliko wengi, ila mvinyo hakuwahi kuutia mdomoni. Eda alikuwa ameposwa na kijana wa Singida, na wakwe walituma salamu: "Sisi tunakuja nchi ya zabibu. Tafadhali mtunyweshe mvinyo wa kwenu." Yalikuwa maneno ya utani, lakini utani wa wakwe ni agizo. Damari hakuwa na mume wa kusimama mbele ya wageni. Alichotaka ni kwamba wageni wale warudi kwao wakisema kijana wao ameoa katika nyumba yenye heshima. Aliogopa kwamba wakiondoka na neno baya, neno hilo atalibeba Eda maisha yake yote kule ugenini.

Basi akaenda kwa Bwana Ndahani kutafuta mvinyo wa bei ya mjane.

Bwana Ndahani alikuwa mtu wa maneno laini na viatu safi. Alimkaribisha vizuri, akamchotea kikombe kutoka pipa la kwanza. Mvinyo ule ulikuwa mwekundu wa kukoza. Damari aliunywa, na ulimi ukakauka kama wa mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Alikunja uso. Lakini alipoumeza, nyuma yake ikaja ladha ya zabibu zilizosahauliwa juani, tamu kidogo, chungu kidogo, nayo ikakaa mdomoni bila haraka ya kuondoka. Alishangaa. Akataka kunywa tena ili ajue kama ni kweli.

Wa pili ulikuwa mweupe, wenye uchachu wa ukwaju na harufu ya maua asiyoyajua. Huo ulimfanya acheke peke yake.

"Kumbe zabibu zetu zinaweza haya!" akasema.

"Hiyo miwili imeshaagizwa na watu wa mjini, Mama Eda," akasema Bwana Ndahani. "Wa kwenu ni huu." Akafungua chupa moja, yenye lebo inayong'aa na kizibo kilichokazwa vizuri, akammiminia.

Damari alinusa kwanza. Mvinyo ule ulinuka gunia lililolowa. Akanywa. Kulikuwa na moto, chini ya moto kulikuwa na sukari, na chini ya sukari kulikuwa na maji matupu. Zabibu aliitafuta kote mdomoni asiione. Kilichobaki kilimkwaruza koo.

"Bwana Ndahani," akasema kwa adabu, "chupa hii nadhani imeharibika."

Bwana Ndahani akacheka, kicheko cha huruma kile cha kumcheka mtoto. "Chupa haijaharibika, Mama Eda. Ulimi wako ndio bado mchanga. Mvinyo si togwa. Mvinyo hufundishwa. Kunywa mara nne, mara tano, utauzoea."

"Na wewe mbona hujaonja kabla ya kunipa?"

Swali hilo halikuwa la ujeuri. Kule kwao anayetoa kinywaji huonja kwanza. Mpika pombe huchota, hunywa mbele ya macho ya mgeni, ndipo humpa. Ni kama kusema: kilichomo humu nakijua, na kama kina ubaya, umeanza na mimi. Bibi zao walifanya hivyo, na bibi wa bibi zao.

"Hayo ni mambo ya kibuyu," akajibu Bwana Ndahani. "Kibuyu kiko wazi, mtu anaweza kutia chochote. Mvinyo una kizibo. Kizibo ndicho kinachoonja kwa niaba yangu."

Mnasikia maneno hayo? Kipande cha gome la mti kimeonja! Lakini mgeni wa jambo hana pa kushika. Damari alijiona mshamba. Akajiambia labda ndivyo mvinyo ulivyo, labda ile ya mapipa mawili ilimpendeza kwa sababu hajui, na huu unamchukiza kwa sababu hajui vilevile. Akalipa, akajitwisha chupa.

Nyumbani alimwonjesha dada yake, Perusi, mwanamke asiye na kizuizi mdomoni. Perusi alikunywa, akatoa machozi, akajipiga kifua.

"Unauonaje?" Damari akauliza.

"Mzuri," akasema Perusi.

"Mzuri vipi, dada, na wewe unalia?"

"Kila mtu husema ni mzuri. Wewe unataka nianze mimi kuonekana sijui kitu?"

Ndivyo ilivyokuwa Mzogole yote. Kila mmoja alikunja uso akiwa peke yake, akakunjua mbele za watu. Bwana Ndahani alikuwa amewauzia aibu pamoja na chupa, na aibu ndiyo iliyomtajirisha.

Siku ya sherehe wakwe walifika, wakakaribishwa kwa vigelegele, wakaketi chini ya turubai. Mbele aliketi msemaji wao, Mzee Ntandu, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mrefu mkimya. Kando yake, kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa wa kijiji, aliketi Bwana Ndahani. Miguuni pake kulikuwa na chupa yake mwenyewe aliyokuja nayo, mvinyo mwekundu wa kukoza, akijimiminia taratibu.

Ukafika wakati wa kikombe. Mama wa binti ndiye humpa msemaji wa wakwe kikombe cha kwanza, na kikishapokewa, watu wawili wanakuwa ndugu. Damari alitoa kizibo, akamimina, akapiga magoti. Mzee Ntandu akanyoosha mkono.

Damari akakipeleka kikombe kinywani mwake kwanza.

"Mama Eda!" Bwana Ndahani akamwita, akitabasamu kwa wageni. "Huo hauonjwi. Una kizibo."

"Katika uwanja huu, anayetoa huonja," akasema Damari, akanywa.

Ulikuwa uleule. Gunia, moto, sukari, maji. Machozi yalimjaa. Aliumeza kwa sababu hakuweza kuutema mbele ya wakwe, na ulipokuwa ukishuka, alijua kwa hakika kwamba ulimi wake haukuwa mchanga. Ulimi ulikuwa mzima tangu siku ile ya kwanza. Na mkono wa Mzee Ntandu ulikuwa bado umenyooshwa, na mkono wa mkwe haurudishwi mtupu. Damari alimtazama bintiye, aliyekuwa amefunikwa kanga mpya, ametulia, anangoja mama amalize. Angempa mzee kikombe kile, angekuwa amemwambia uongo kwa mikono yake miwili. Asingempa, harusi ingeharibika.

Akasimama. Hakumpa Mzee Ntandu. Akageuka mpaka mbele ya Bwana Ndahani, akapiga magoti tena, akakinyoosha kikombe.

"Mwenye kinywaji ni wewe. Mimi nimeonja kama mnunuzi. Onja na wewe kama mwenyewe, ndipo nimpe mkwe wangu."

Bwana Ndahani akacheka. "Mama Eda, mimi leo ni mgeni wako. Mgeni haanzi."

"Funda moja tu, Bwana Ndahani."

"Niko kwenye dawa."

"Na hiyo iliyo miguuni pako ni dawa?" Perusi akadakia kutoka nyuma, na baadhi ya watu wakaguna.

"Usinivunjie heshima!" Bwana Ndahani sasa alikuwa amekasirika.

"Sijakuvunjia," akasema Damari. "Uliniambia nikinywa mara nne, mara tano, nitazoea. Wewe umekunywa mara ngapi?"

"Mimi hiyo sinywi!" akapayuka. "Hiyo ni ya watu wa hapa!"

Aliyasikia maneno yake yakimtoka, lakini neno likishatoka halina kizibo. Uwanja mzima uliyasikia. Wakulima wakaangaliana. Watu wa hapa walikuwa wao. Waliofukuza ndege, waliobeba makreti mgongoni. Mzee mmoja aliyekuwa akifanya kibarua kiwandani akasema kwa sauti ya uchovu alichokuwa akikijua kila mtu wa kule ndani: zabibu zikishakamuliwa, mvinyo wa kwanza huenda mjini. Makapi yanayobaki hutiwa maji, hutiwa sukari, huongezwa gongo kidogo ili yawashe, ndipo hupigwa kizibo na lebo. Basi mzabibu ni wao, jasho ni lao, na walichorudishiwa ni maji ya kuoshea maganda ya zabibu zao wenyewe. Na wakilalamika, wanaambiwa ulimi wao ni mchanga! Hasira iliyoinuka pale haikuwa ya pombe mbaya. Pombe mbaya mtu husamehe. Walikasirika kwa sababu mtu aliyekaa nao msiba na harusi alikuwa amewapima akaona wanastahili makapi.

Damari hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiuangalia mkono wa Mzee Ntandu, ambao sasa ulikuwa umeshuka magotini. Moyo ukamshuka pamoja nao. Akafikiri: nimemwoza mwanangu kwa ugomvi.

Mzee Ntandu akasimama. Akakichukua kikombe mkononi mwa Damari, akakiweka chini mbele ya viatu vya Bwana Ndahani.

"Hiki ni chako," akasema. Kisha akamgeukia Damari. "Mkwe wangu, nyumbani kwako kuna maji?"

"Yapo, baba. Ya kisima tu."

"Nipe hayo."

Damari alikimbia mtungini mwenyewe, hakumtuma mtu. Akachota maji kwenye kata, akarudi, akapiga magoti. Akanywa kwanza. Mzee Ntandu akapokea kata kwa mikono miwili, akayanywa yote, akapangusa midomo.

"Nimekunywa vinywaji vya wakwe wengi," akasema. "Leo nimekunywa cha mtu aliyekubali kuaibika ili mimi nisidhurike. Kijana wetu ameoa pazuri. Asiyeonja chake, asimnyweshe mwenzake."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilianza na Perusi, na sidhani kama vilikuwa vya kistaarabu.

Na Bwana Ndahani? Hakupigwa wala hakufukuzwa. Msimu ule wakulima walimpelekea zabibu kama kawaida, kwa sharti moja. Kila anayenunua chupa, kizibo kitatolewa palepale mlangoni, na mwenye kiwanda atakunywa funda la kwanza. Alikubali kwa kucheka. Haikufika mwisho wa mwezi, mvinyo ule wa makapi ukatoweka kabisa Mzogole. Mtu hawezi kuendelea kutengeneza kitu ambacho atalazimika kukinywa kila siku. Damari naye alirudi akanunua ule mwekundu wa pipa la kwanza, kidogo tu, akauweka ndani kwa ajili ya siku Eda atakapokuja kumsalimia.

Sasa mmejua. Nuhu, mwanangu, usiangalie chini. Watu wa mabenchi ya nyuma wanangoja, nao wana ndimi kama zetu. Chukua kikombe hicho, ujimiminie ile juisi iliyochacha, unywe hapa mbele yangu mpaka kiishe. Ukishindwa, imwage uwanjani tuwakamulie nyingine.

Asiyeonja chake, asimnyweshe mwenzake.