Doa Lililokataa Kufutika

Wapendwa, tumfikirie mama mmoja aliyekuwa msafishaji katika jengo la watu wanaochunguza nyota. Asubuhi moja alikuta picha mpya ukutani, kubwa, yenye kioo. Ilikuwa nyeusi yote, ila katikati palikuwa na kitu kama uji uliokorogwa na mwiko. Akafuta. Akatia sabuni, akafuta tena.

Mtaalamu wa nyota akaingia. "Mama, utatoboa kioo. Hilo si doa. Ni galaksi, nyota mabilioni kwa mabilioni zinazunguka pamoja."

Mama akaona haya, lakini hamu ya kujua ikamzidi. "Mbona katikati ni manjano, na hii mikono iliyojipinda ni ya buluu?"

"Katikati wamejaa wazee. Kwenye mikono ndiko nyota changa zinakozaliwa."

"Kumbe na huko wanazaa. Na leo wanaendeleaje?"

"Leo sijui. Ni mbali mno. Nuru hii ilianza safari miaka milioni sitini iliyopita, ndiyo kwanza imefika. Tunaiona ilivyokuwa, si ilivyo."

Mama akacheka. "Shule yote hiyo, baba, na habari za leo huna?"

Simu yake ikalia. Akaitazama, akaizima.

"Ni mdogo wangu. Anaumwa, anataka niende kumwona. Siendi. Mama yetu alipofariki, yeye alibeba khanga zake zote kabla hatujaanua matanga. Mchoyo yule, hana haya."

"Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Siku hiyo hiyo. Huu mwaka wa tisa."

Mtaalamu aliinua tu macho kwenye ile picha.

Mama naye akaitazama, kitambaa kinamdondoshea maji miguuni. Kisha akaketi kwenye ndoo aliyoifunika, akaiwasha simu.

Je, sisi? Ni mara ngapi tunasema, "Namjua yule," kumbe tunayemjua ni wa mwaka ule wa msiba? Huenda amelia. Huenda amejuta. Huenda zile khanga amezikunja, anakungoja mgawane. Huenda pia hajabadilika hata kidogo. Utajuaje, nawe hujamuuliza?

Yule mtaalamu amezeeka akitamani kuijua hali ya leo ya galaksi yake, na hatakuja kuijua. Angekuwa na namba ya kuipigia, mnadhani angelala?

Sisi namba tunazo.