Daftari la Vema Tupu

Ilianza Jumatatu, tarehe ishirini na tisa Januari, saa tatu na robo asubuhi. Wazazi wa darasa la kwanza walikuwa wameketi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia videvu, wakimsikiliza Mwalimu Letisia.

"Mwaka huu tegemeeni haya," alisema Mwalimu. "Penseli zitapotea. Mtoto atarudi na sweta la mwenzake. Jina lake mwenyewe ataliandika kinyumenyume. Ila zaidi ya yote, tegemeeni makosa. Mengi."

Wazazi wakacheka. Sikudhani, mama yake Tunu, hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, na mji mzima ulimjua kwa jambo moja: mshono wake haukuwa na kosa. Uzi ukipinda hata upana wa unywele, alifumua akashona upya kabla mwenye nguo hajafika. "Mteja haonyeshwi kosa," ndilo lililokuwa neno lake.

Jioni ile ile Tunu alifungua daftari juu ya meza ya cherehani. Alikuwa ameandika kazi ya nyumbani: ba, be, bi, bo, bu. Herufi tatu zilikuwa zimegeukia upande usio wao.

Sikudhani akachukua raba, akafuta. "Andika tena."

Tunu akaandika. Mama akafuta. Mara ya nne akamshika mkono, wakaandika pamoja.

Kesho yake daftari likarudi na alama tano nyekundu za vema. Sikudhani alizitazama kama mtu aliyesifiwa yeye.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Alikuwa ameinamia cherehani tangu kulipopambazuka, mgongo unauma, macho yanamchonyota, na bado alivuta kigoda akaketi kando ya mwanawe.

"Mama, mkono umechoka."

"Na wangu umechoka. Futa hiyo."

Jirani yao Mama Shukuru, aliyekuwa akikaanga vitumbua mlango wa pili, aliwaona kila siku. "We fundi," alimtania, "siku hizi uko darasa la ngapi?"

"La kwanza, na ninaongoza," alijibu Sikudhani bila kuinua macho.

"Haya bwana. Ukifaulu usitusahau."

Mwezi Machi Tunu alileta habari njema. Kila asubuhi Mwalimu alikuwa akiwatoa nje baadhi ya watoto wakamwagilie maua. "Ni sisi tunaojua, Mama." Habari hiyo Sikudhani aliifikisha kwa kila mteja aliyekuja kupimwa.

Alhamisi, tarehe kumi na sita Mei, wazazi waliitwa shuleni mmoja mmoja kuona maendeleo. Sikudhani alivaa gauni lake la sherehe. Alipita kando ya bustani ya maua, akaona ilivyostawi, moyo ukamjaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Tunu. Karibu. Daftari la binti yako ni vema tupu. Tunu, hebu mwandikie mama neno 'bibi'."

Tunu akashika penseli. Akaandika herufi moja, akaitazama, akaifuta. Akaandika tena, akafuta. Akamwangalia mama yake, kisha akafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Karatasi ikachanika. Neno halikuandikwa.

Mwalimu akampa kitabu asome. Tunu akaanza kughani ukurasa mwingine kabisa, ule ambao darasa zima huusema kwa sauti moja.

Mwalimu akamtuma mtoto nje. Akalichukua daftari, akaliinua kuelekea dirishani. Mwanga ukapenya katika kila mstari. Karatasi zilikuwa zimesuguliwa hadi zikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nani alikuwa anafuta?"

Sikudhani akapitisha kidole juu ya mstari mmoja. Alikijua kitambaa kilichofumuliwa mara nyingi. Ukikiweka kwenye mwanga, huonekana hivyo hivyo.

Mwalimu akaketi taratibu, kama mtu aliyesimama tangu Januari. "Mama Tunu, nina watoto themanini na saba. Siwezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Kwa hiyo asubuhi nasahihisha kazi za nyumbani pale mlangoni. Mwenye kosa anakaa kwenye jamvi hapa mbele, namfundisha upya kabla ya kengele. Mwenye vema namtoa nje, asitusumbue."

"Akafanye nini?" aliuliza Sikudhani, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Amwagilie maua."

Miezi mitatu na nusu. Wenzake walikuwa wakifundishwa kile asichokijua, naye yuko nje na kopo la maji.

"Mimi ni fundi, Mwalimu," alisema Sikudhani. "Mteja simwonyeshi kosa."

"Lakini mimi si mteja wako, mama. Mimi ni fundi mwenzio. Nguo hii tunaishona wawili, nawe unanificha mahali ilipokosewa. Nitaanzia wapi?" Akaligeuza daftari mikononi. "Na mimi pia, daftari hili nilipaswa kuliinua kwenye mwanga mapema."

Jioni ile Tunu aliandika maneno matano. Manne yalikuwa na makosa. Akanyoosha mkono kutafuta raba, akapapasa meza nzima, hakuiona.

"Mama, nimekosea."

"Nimeona. Funga daftari."

"Mwalimu ataona!"

"Aone."

Vidole vilimwasha Sikudhani. Akavikalia.

Kesho yake, saa moja kasoro robo asubuhi, alisimama mlangoni mwa darasa akiwa amemshika Tunu bega. Mwalimu Letisia alifungua daftari, akaweka alama nne nyekundu za kosa, akaonyesha jamvi kwa kidole. Tunu akamtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto akaenda, akaketi.

Sikudhani alipotoka nje alikuta kopo limelala kando ya bustani. Ilikuwa zamu ya Tunu. Akalijaza maji, akainama na mgongo wake unaouma, akamwagilia maua yote, la kwanza hadi la mwisho.

Funzo: Kosa la mtoto ndipo mahali mwalimu anapoanzia kumfundisha, usilifute kabla halijamfikia. Mtumie ujumbe huu mzazi mwenzio ambaye jioni hii ameshika raba.