Swali la Winifrida kwa Bwana Bima

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na saba, Ziwa Nyasa lilikuwa limelala kimya kama mtoto aliyeshiba. Kwa mbali, mawingu ya nkungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, yalipanda angani kama moshi usio na moto. Winifrida aliyatazama kutoka mlangoni mwa duka lake la nyavu na usipa mkavu, dagaa wa ziwa lile, pale ufukweni Liuli, akahisi kama dunia nzima inaelea. Duka hilo aliachiwa na marehemu mama yake. Hakuwa na shamba wala mume. Duka ndilo lililokuwa mkono wake wa kulia na wa kushoto.

Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa milango, na kampuni binafsi za bima zilianza kutuma watu hadi vijijini. Aliyefika Liuli aliitwa Florian, kijana mtanashati kutoka Songea, mwenye ulimi wa asali. Wenye maduka walikusanyika barazani kwa Mzee Zabron, tajiri wa ufukweni.

"Mnalipa ada kila mwaka. Hasara ikiwapata, kampuni inawafidia," alisema Florian. "Sahihi hapa."

Kalamu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Winifrida, ikasimama.

"Samahani, kaka. Ziwa likipanda likaingia dukani, mtanilipa?"

Watu wote barazani wakageuka kumtazama. Watu wa pale hawakulitaja ziwa kwa ubaya. Waliamini kwamba kulitaja ni kuliita.

"We mtoto!" Zabron alifoka. "Unaliita lije?"

"Siliiti, baba. Nauliza tu."

"Darasa la saba anamhoji mtu wa bima! Jumapili atamhoji padri mahubiri yake."

Watu wakaangua kicheko, wakainuka kwenda kunywa chai. Aibu ilimpanda Winifrida usoni kama homa, lakini hakuweka sahihi.

"Nisomee panapotaja maji, kaka."

Florian alifunua kurasa, akakohoa. "Bima hii ni ya moto na wizi. Mafuriko hayamo. Anayeyataka anaongeza ada, tunamwandikia nyongeza."

"Na masharti?"

"Bidhaa zisikae sakafuni. Ziwe juu ya vichaga, kimo cha goti."

Winifrida alilipia nyongeza, akaweka sahihi, akapanga bidhaa zake juu ya vichaga vya mbao, kisha akamfuata Zabron kumweleza. Mzee alimkata kauli. "Usinitajie ziwa nyumbani kwangu!"

Mvua za msimu ule hazikujua kupumzika. Ziwa lilipanda taratibu, kama mgeni anayebisha hodi huku ameshaingia. Mchana mmoja Winifrida alisimama ndani ya duka, maji kiunoni, nyavu zikielea kumzunguka kama nywele za mtu aliyelala. Ukuta wa nyuma ulilainika, ukajilaza bila kelele.

"Ameliita!" watu walinong'ona. Kwa kitambo, hata yeye aliamini.

Maji yalipopungua, Florian alirudi na mkaguzi. Walipima alama ya maji ukutani, wakaviona vichaga, wakaandika. Kabla ya Pasaka, mafundi walikuwa wakimjengea Winifrida duka upya. Zabron alipotoa karatasi yake, mkaguzi alitikisa kichwa.

"Mzee wangu, hii ni ya moto na wizi."

Siku chache baadaye Zabron alifika kwa Winifrida, karatasi mpya mkononi, aibu imemkaa mabegani kama koti la kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kabla sijaweka sahihi..." Akaikunjua karatasi. "Hebu nionyeshe panapotaja maji."

Wakakaa mlangoni, mzee akifuatisha maneno kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Na ziwa? Ziwa limo?" akauliza kwa sauti kubwa, ziwa lenyewe likiwa mbele yake, bluu na tulivu.

Wapita njia walisimama wakasikiliza. Hakuna aliyecheka, kwa maana wote walikuwa wamekwisha kufundishwa na maji ya kiunoni kwamba kuuliza si ujinga.